Kiwix: maktaba isiyokula bando, na rafu ya Kiswahili iliyo nusu tupu

Kiwix ni programu ya kusomea tovuti zilizofungashwa zikawa faili moja. Ukishalipakua faili hilo mara moja, mahali penye mtandao wa kueleweka, umeachana na bando: Wikipedia nzima inakaa kwenye simu, viungo vyake vinafunguka, kisanduku cha kutafutia kinafanya kazi, hata kama simu haina laini.

Hukumu tuitoe mapema. Kama programu, hatujui kitu cha bure kinachoishinda kwa shule, zahanati au nyumba isiyo na intaneti ya uhakika. Kama maktaba ya Kiswahili, bado. Na upungufu huo wa pili mafundi wa Kiwix hawawezi kuurekebisha hata wakikesha, kwa sababu chanzo chake kiko kwingine: idadi ya watu wanaokubali kuandika bila malipo, na sheria za hakimiliki zinazoamua nini kinakilike na nini kibaki kabatini.

Ilianza mwaka 2007 kwa kazi ya Emmanuel Engelhart na Renaud Gaudin, na sasa inaendeshwa na asasi isiyo ya faida yenye makao Uswisi. Haina matangazo, haidai akaunti, haiombi namba yako ya simu. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL. Kuna matoleo ya Android, Windows, Linux, macOS na iOS, pamoja na kiendelezi cha kivinjari kwa wenye kompyuta za ofisi ambazo mtu wa TEHAMA amezifunga zisipokee programu mpya.

Kinachowapoteza wengi ni jina la faili. Mafaili ya Kiwix ni ya aina ya ZIM, na kwenye orodha utakuta kitu kama wikipedia_sw_all_maxi, kisha mwaka na mwezi. Herufi "sw" ni Kiswahili, "all" ni makala zote, na neno linalofuata ndilo la kuangalia kabla hujabonyeza. Maxi ni makala kamili pamoja na picha. Nopic ni makala kamili bila picha. Mini ni utangulizi tu wa kila makala, pamoja na lile sanduku la taarifa la pembeni. Mini imewavunja moyo watu wengi bila kosa: mtu anafungua makala ya malaria, anakuta aya mbili, anasema Wikipedia haina kitu. Inacho, yeye alichukua kijiko cha kuonjea akadhani ndicho chungu.

Kwa ukubwa, Wikipedia ya Kiingereza ya maxi ni takriban GB 100, nopic ni kama nusu ya hapo, na mini ni GB kumi na kitu. Ya Kiswahili ni ya MB, si ya makumi ya GB, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kuchukua mini yake; chukua maxi. Kwa kituo cha afya, pa kuanzia ni mkusanyo wa tiba wa Kiingereza, wikipedia_en_medicine, ambao uko kwenye GB 2 hivi. Unafaa kwa kujikumbusha ugonjwa, dalili na dawa. Haufai kwa kupanga dozi: hiyo ni kazi ya mwongozo wa wizara, na makala yoyote ya Wikipedia inaweza kuwa ilikosewa siku ileile faili lilipofungashwa.

Picha zimebanwa ili faili lipungue, na ukiigusa picha hupati kubwa zaidi. Kwenye picha ya mnyama hutajali. Kwenye ramani, majina ya mito hayasomeki, na mwalimu wa jiografia atalazimika kutafuta ramani kwingine.

Sasa kupakua. Faili la MB chache lipakue ndani ya programu yenyewe, litakuja. Faili la makumi ya GB usilipeleke kwa kivinjari cha simu. Mtandao ukiyumba mara mbili unaanza upya na bando limekwenda na maji. Kwenye seva ya Kiwix kila faili lina nduguze: ongeza .torrent mwishoni mwa anwani yake upate torenti, ambayo hata umeme ukikatika inaendelea pale ilipoishia na inajihakiki kipande kwa kipande. Ongeza .sha256 upate alama ya kuhakiki kwa wale waliopakua kwa njia ya kawaida. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux andika sha256sum na jina la faili. Mfuatano unaotoka ukipishana na ule wa seva hata kwa herufi moja, futa, pakua tena. Usiseme "mbona linafunguka". Faili lililoharibika katikati linaweza kufunguka vizuri wiki nzima, kisha programu ikaanguka siku mwanafunzi anapogusa makala iliyo kwenye kipande kibovu.

Halafu kadi ya kumbukumbu. Hapa ndipo wengi wanaposema Kiwix mbovu, na Kiwix haina hatia. Kadi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa FAT32, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Kadi inaweza kuwa tupu kabisa na bado ikakataa. Za GB 64 kwenda juu kwa kawaida huja na exFAT, ambayo haina kikwazo hicho. Kama kadi yako ni FAT32, ifomati upya iwe exFAT ukitumia kompyuta, lakini kwanza ijaribu kwenye simu itakayotumika, kwa sababu simu nyingine za zamani haziisomi exFAT. Kwa simu hizo, lipasue faili kwa zana ya zimsplit liwe vipande vya chini ya GB 4. Vitapata majina yanayoishia na .zimaa, .zimab, na kuendelea. Viweke vyote folda moja, usibadilishe majina, fungua cha kwanza.

Na kabla ya yote hayo, ipime kadi yenyewe. Soko limejaa kadi zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani hazifiki hata robo. Zinapokea data bila kulalamika, kisha zinaandika juu ya ulichokwisha kuandika. H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux huijaza kadi yote na kuisoma tena. Itachukua saa kadhaa, lakini ni afadhali kujua ukiwa bado una risiti.

Kwa Android kuna kikwazo kimoja ambacho si kosa la Kiwix moja kwa moja, ila mtumiaji ndiye anayekilipia. Toleo la Play Store haliruhusiwi kupekua kumbukumbu nzima ya simu, kutokana na masharti ya Google. Kwa hiyo ukinakili faili la ZIM kwenye kadi ya simu kutoka kompyuta, ukafungua programu, inasema huna kitabu hata kimoja. Anayetegemea kupakua ndani ya programu hatasumbuka. Anayegawa mafaili kwa kadi na flashi (yaani karibu kila mtu ambaye kwa kweli anaihitaji Kiwix) achukue APK (faili la kusakinishia programu) kutoka tovuti ya Kiwix yenyewe. Hiyo ikipewa ruhusa hupekua simu yote na kuyaona mafaili popote yalipo.

Sehemu nzuri kuliko zote, na ambayo haitangazwi vya kutosha, ni kugawa. Toleo la Android lina uwezo wa kuigeuza simu kuwa seva ndogo. Unawasha hotspoti, unachagua vitabu vya kugawa, unaanzisha seva, na programu inakuonyesha anwani ya tarakimu inayoishia na :8080. Wanafunzi wanaungana na Wi-Fi yako na kuiandika anwani hiyo kwenye kivinjari chochote, bila kusakinisha kitu. Mambo matatu huharibu zoezi hili. La kwanza, mwenye simu anasahau kuzima data. Hotspoti ikiwa wazi na data imewashwa, simu zote zilizoungana zinaanza kusasisha programu zao kwa bando lake. Zima data, acha hotspoti. La pili, simu za wanafunzi zinagundua kwamba Wi-Fi hii haina intaneti, zinarudi kwenye data zao kimyakimya, na ukurasa haufunguki. Kila mmoja azime data, na simu ikiuliza kama abaki kwenye mtandao usio na intaneti, akubali. La tatu, kivinjari kinaichukua anwani kama neno la kutafuta. Waandike http:// mbele, yote, bila herufi s.

Kwa kompyuta ni rahisi zaidi. Toleo la mezani lina seva ya ndani kwenye menyu, na kwa wapenda mstari wa amri kuna kiwix-serve: unaipa namba ya poti na jina la faili, basi. Kompyuta kuukuu yenye Linux na ruta ya kawaida isiyo na laini ya intaneti inatosha kabisa kwa maktaba ya shule.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ndiyo inayopendwa na wafadhili, na Kiwix wana mfumo tayari wa kuichomea kadi. Inakula umeme kidogo, inakubali paneli ndogo ya sola na betri. Lakini Wi-Fi ya ndani ya Pi haikuundwa kubeba darasa. Watumiaji wakikaribia kumi na kitu inaanza kuyumba, wengine wanatolewa, na lawama inaangukia programu. Iunganishe Pi kwa kebo na ruta ya nje, ruta ndiyo ihudumie simu. Jambo lingine ni umeme: Pi ikikatiwa ghafla mara kwa mara, kadi inaharibika. Weka betri katikati, na weka kadi ya pili iliyonakiliwa tayari ndani ya bahasha, uibandike ndani ya kasha.

Kutafuta kunahitaji maelezo, kwa sababu tatizo lake ni la lugha. Faharasa iliyo ndani ya faili hutafuta maneno ndani ya makala, siyo vichwa tu. Kwa Kiingereza inajua kuondoa viambishi vya mwishoni, hivyo umoja na wingi vinakutana. Kwa Kiswahili haina ujuzi huo, na lugha yetu hubadilika mbele ya neno. Ukiandika "walimu" huletewi ukurasa wenye "mwalimu" peke yake; "vyura" hakukupi "chura". Wafundishe wanafunzi waandike umoja, maana vichwa vya makala viko kwa umoja, na wajaribu jina la pili la kitu kabla ya kukata tamaa.

Tuje kwenye rafu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Kwa lugha ya Afrika hiyo ni hesabu kubwa. Ila hesabu ya makala ni kama hesabu ya vyumba: haisemi kama vina samani. Sehemu kubwa ni makala fupi zenye umbo moja: kata za Tanzania na idadi ya wakazi kwa sensa, mito na vilima kwa wilaya, watakatifu wa Kikristo, miaka na tarehe. Zina faida yake; hakuna kamusi elezo nyingine duniani itakayokuambia kwa Kiswahili kata fulani iko wilaya gani. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili anayetafuta umemetuamo, mizania ya hesabu au mzunguko wa nitrojeni atapata mistari michache au hatapata kitu. Historia na jiografia ya Afrika Mashariki ziko vizuri kiasi. Fizikia na kemia ni jangwa lenye visima vya hapa na pale. Kwa sababu hiyo ushauri wetu kwa shule za sekondari, ambako mitihani ya Tanzania iko kwa Kiingereza hata hivyo, ni kuweka mafaili mawili pamoja: ya Kiswahili kamili, na ya Kiingereza ya masomo husika. Ongeza maabara za PhET, majaribio ya sayansi ya kubofya na kuvuta, ambazo nyingi zimetafsiriwa kwa Kiswahili na zinawafaa watoto kuliko makala yoyote.

Kwa nini haya yote yanawezekana bila mtu kushitakiwa? Kwa sababu ya leseni. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya Creative Commons BY-SA. Toleo la 3.0 tangu 2009, na la 4.0 tangu Juni 2023. Leseni hiyo inaruhusu kunakili, kubadilisha na hata kuuza. Wengi wanaposikia "kuuza" wanashtuka, lakini ndiyo maana yake. Kijana wa stesheneri anayewarushia watu nyimbo kwenye flashi anaweza kuwarushia Wikipedia nzima kwa malipo ya kazi yake, na hajavunja sheria. Anachodaiwa ni kutaja chanzo na leseni, kusema kama amebadilisha kitu, kuitoa kazi aliyoibadilisha kwa leseni ileile, na kutoweka kufuli la kumzuia mnunuzi kunakili zaidi. Kiwix yenyewe huacha kiungo cha chanzo chini ya kila makala. Usikifute unapochapisha kurasa kwa ajili ya darasa.

Usichanganye leseni hiyo na ile yenye herufi NC, ya matumizi yasiyo ya kibiashara. Masomo ya Khan Academy, kwa mfano, yako chini ya BY-NC-SA. Shule inayagawa bila shida; yule kijana wa stesheneri akianza kuyauza yuko pabaya. Na vitabu vya PDF vinavyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, vingi havina leseni yoyote, na kutokuwa na leseni hakumaanishi ruhusa. Maana yake ni kinyume kabisa: haki zote zimebaki kwa mwenyewe.

Hapo ndipo sheria inapoingia kwenye tathmini ya programu, na hatuwezi kuiruka. Tanzania Bara na Kenya zinalinda kazi ya fasihi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, ikihesabiwa hadi mwisho wa mwaka. Hicho ndicho kima cha chini cha Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki. Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Marekani, kwa kazi za zamani zilizochapishwa, kanuni ya jumla ni miaka 95 tangu kuchapishwa. Sasa fikiria mwandishi wa Dar es Salaam aliyefariki 1974. Kwa hesabu ya nyumbani, kazi zake zilizochapishwa akiwa hai ziliachiwa umma Januari 2025. Lakini maktaba kubwa ya vitabu huria iliyomo ndani ya Kiwix, Project Gutenberg, iko Marekani na inafuata saa ya Marekani. Kitabu cha 1960 kinaweza kuwa huru Kariakoo na kikawa bado kimefungwa kule seva iliko. Ndiyo sababu moja kubwa kwa nini rafu ya vitabu ya Kiswahili ndani ya Kiwix iko karibu tupu, huku ya Kiingereza ikiwa na maelfu.

Dawa yake siyo kungoja Marekani. Kiwix ina zana ya kufungasha tovuti yoyote iwe ZIM, Zimit, na toleo lake la mtandaoni linatumika bure kwa kiwango chenye kikomo. Maktaba ya chuo Tanzania inaweza kuhifadhi kazi zilizokwisha muda kwa sheria ya nchini, ikazifungasha, ikazigawa nchini. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 pia haizipi hakimiliki sheria zenyewe, hukumu za mahakama na tafsiri zake rasmi, wala habari za siku. ZIM moja ya sheria za nchi kwa Kiswahili, mfukoni mwa kila mwenyekiti wa baraza la kata, haihitaji kibali cha mwandishi yeyote. Inahitaji mtu wa kuifanya. Onyo moja tu: zana hukubali kufungasha tovuti yoyote bila kuuliza ni ya nani. Kuweza siyo kuruhusiwa.

Mageuzi yenye faida ya haraka hayahitaji hata kugusa hiyo miaka 50, mradi asitokee wa kuipandisha iwe 70. Vitabu vya kiada vinavyoandikwa kwa fedha ya umma vingewekewa leseni huria siku ya kutoka. Taasisi ya Elimu Tanzania tayari ina maktaba mtandao ambako vitabu vinasomwa bure, na hilo ni jambo jema. Lakini kusoma bure mtandaoni ni kitu kimoja, na ruhusa iliyoandikwa ya kunakili, kutafsiri na kufungasha ni kitu kingine. Bila ruhusa hiyo, Kiwix haiwezi kuvigusa. Mfano wa ruhusa hiyo ukitolewa uko hapahapa Afrika: African Storybook ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, iliyozinduliwa 2014, hutoa hadithi za watoto kwa leseni huria, za Kiswahili zikiwemo, na yeyote anaweza kuzitafsiri kwenda Kigogo au Kidigo na kuzichapa.

Anayedhani kubadilisha sheria ni kazi ya mwaka mmoja atazame Afrika Kusini. Muswada wao wa marekebisho ya hakimiliki, wenye nafuu kwa maktaba, elimu na watu wenye ulemavu wa kuona, ulipitishwa na Bunge 2019, Rais akaurudisha 2020, ukapitishwa tena 2024, na mwaka huohuo akaupeleka Mahakama ya Katiba. Kwetu, anayetaka kuuliza au kupeleka maoni aende kwenye ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar ambako kuna sheria tofauti, na KECOBO kwa Kenya.

Watu, basi. Makala za Kiswahili huandikwa na wahariri wachache wanaojitolea, wakiwemo wa kikundi cha Jenga Wikipedia ya Kiswahili, Tanzania. Mwaka 2009 hadi 2010 Google waliandaa shindano la kuandikia Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, lenye zawadi. Makala mia kadhaa ziliingia, nyingine tafsiri za mashine zilizohitaji kufuliwa upya, na washiriki wengi hawakuendelea. Warsha za siku moja zina ugonjwa huohuo. Kikundi cha watu watano wanaokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wenye orodha ya makala kumi za somo moja, kitajaza rafu kuliko ukumbi wa watu mia.

Anayeandaa mafunzo ajue mtego mmoja wa kiufundi: Wikipedia huruhusu akaunti sita tu mpya kwa siku kutoka anwani moja ya IP. Washiriki ishirini kwenye Wi-Fi moja wakijisajili saa tatu asubuhi, wa saba anakataliwa. Wajisajili nyumbani, kila mtu kwa wakati wake, au omba msamaha wa kikomo mapema. Na kwa sababu kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja, mshiriki anaweza kukuta amezuiwa kuhariri kwa kosa la mtu asiyemjua. Ukurasa wa kizuizi una maelekezo ya kukata rufaa, na aliye na akaunti hupata nafuu kwa urahisi kuliko asiyenayo. Kingine ni tafsiri. Zana ya kutafsiri makala huleta Kiswahili cha mashine kikiwa na koti safi. Kisomwe kwa sauti kabla ya kuchapishwa, na kila madai yawe na chanzo, la sivyo mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) atakifuta na mgeni atadhani anaonewa.

Wanaolinganisha Kiwix na Kolibri, programu nyingine ya kujifunzia bila intaneti, wanalinganisha maktaba na darasa. Kolibri ina akaunti za wanafunzi, mazoezi, na mwalimu anaona nani amefika wapi. Kama unataka kufundisha kwa mpangilio, chukua Kolibri. Kama unataka watu watafute wanachotaka wenyewe, chukua Kiwix. Kompyuta moja inabeba zote mbili, kila moja kwenye poti yake.

Kasoro ya mwisho ni masasisho. Huwezi kuhariri ndani ya Kiwix, na hakuna njia nyepesi ya kupakua mabadiliko tu. Faili jipya ni faili zima upya. Kosa utakaloliona leo darasani linasahihishwa mtandaoni, kisha linangoja ZIM ijayo. Kwa la Kiswahili pakua upya kila toleo jipya likitoka. Kwa GB 100 za Kiingereza mara moja kwa mwaka inatosha, na usifute la zamani kabla jipya halijahakikiwa. Tarehe ya faili iandike kwa kalamu ya wino juu ya kadi yenyewe, ili anayesoma kwamba waziri fulani bado yuko madarakani ajue anasoma habari za mwezi gani.